Katuni yako imekwama njiani? Tafuta chanzo kwanza kabla hujajiita mvivu

Habari zenu wachoraji, na hata nyie wa riwaya na wa muziki someni tu maana ugonjwa ni mmoja. Mi nimemaliza kuchora kitabu cha katuni, kurasa 48, nyeusi na nyeupe, hadithi ya kijana na babu yake fundi wa majahazi kule Pangani. Naishi Tanga, mchana niko stesheneri natoa kopi na kuchapa barua za watu, usiku na alfajiri ndo nachora. Hamna aliyenituma, hamna bosi, hamna anayenidai, na shida yenyewe iko hapohapo, kazi ambayo hamna anayekudai ni rahisi sana kuilaza. Yangu ililala mara nne. Mara zote nne nilijiambia "mi mvivu" na mara zote nne nilikosea, kulikuwa na kitu kingine kabisa kilichokwama, na nilipokigundua kazi iliendelea kesho yake tu.

Ukimpelekea fundi pikipiki haiwaki, hawezi kukwambia pikipiki imekuwa mvivu. Anaangalia mafuta, anafungua plagi aone kama inatoa cheche, anahamia kwenye kabureta, anafuata kitu kimoja kimoja mpaka akipate. Basi na sisi tufanye hivohivo. Nimepanga kwa dalili, nenda kwenye ile inayofanana na yako, si lazima usome zote.

Dalili: mzuka umeisha, ukipita karibu na meza unaangalia pembeni

Mimi ilinikuta ukurasa wa 11. Kurasa 10 za kwanza nilizichora kama nimepandwa na kitu, alafu ghafla hamna, wiki ya kwanza ikapita, ya pili, karatasi ziko palepale zinapata vumbi.

Fanya kipimo hiki kabla ya kingine chochote. Chukua kipande cha karatasi uandike kwa sentensi moja kitu cha kwanza kabisa utakachofanya ukikaa hapo mezani. Usiandike "niendelee na kitabu", andika kitu ambacho mkono unaweza kukifanya, mfano "kupiga mistari ya fremu ukurasa wa 12" au "kupiga wino kofia ya babu, fremu ya 3" (fremu ni kile kisanduku cha picha moja). Kama umeshindwa kuandika hiyo sentensi basi chanzo umekipata, na wala sio mzuka. Kila ukikaribia ile meza kichwa kinatakiwa kianze kuamua wapi pa kuanzia, na wewe umetoka kazini umechoka, kuamua ndo kitu cha mwisho unachotaka, kwa hiyo unaenda kuangalia simu.

Dawa niliyoipata ni mbili na zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza, usiku kabla sijafunga naandika kwa penseli pembeni ya karatasi kazi ya kwanza ya kesho, maneno matano sita yanatosha. Ya pili, nikawa naacha katikati ya kitu kwa makusudi, yani fremu imebaki kidogo tu kuisha na mi naweka kalamu chini. Inauma kidogo mara ya kwanza unatamani umalizie, ila kesho ukikaa mkono unajua pa kwenda kabla kichwa hakijaanza kulalamika.

Na "kuchora ukurasa" nayo sio kazi moja, kuna skechi ndogo, kuna kupiga fremu, kuna penseli, kuna maneno, kuna wino, kuna kufuta penseli kwa raba, kuna kuskani na kusafisha. Kazi saba hizo. Na kati yake zipo ambazo hazihitaji akili kabisa, kama kupiga fremu kwa rula, kufuta penseli, kujaza sehemu nyeusi. Hizo nimeziwekea rundo lao pembeni kwa ajili ya siku nimechoka, maana siku ya kuchoka ukijilazimisha kuchora uso wa mtu utauharibu na utajichukia, lakini kujaza nguo nyeusi kwa maka peni unaweza hata ukiwa unasikiliza mpira kwenye redio.

Kitu kimoja cha ufundi niseme hapa japo sio mada yake: weka maneno kabla ya wino. Kiswahili chetu kina maneno marefu, mtu akisema "nitakapokurudishia" hiyo ni neno moja na halikatiki vizuri ndani ya kiputo, yani lile puto la maneno ya mhusika, sasa ukichora kwanza alafu maneno baadae unakuta kiputo kinafunika nusu ya kichwa cha mtu, unaanza kurudia fremu, na huko kurudia fremu kunaua moyo kuliko unavyodhani.

Dalili: sio kitabu chote, ni ukurasa mmoja tu umekukatalia

Hii inajificha sana maana inafanana na ile ya kwanza lakini dawa yake ni tofauti kabisa. Mi ukurasa wa 17 ulinikalia wiki tatu. Ni ukurasa ambao babu na kijana wanatweka tanga na jahazi linatoka mdomo wa mto Pangani. Nilikuwa nakaa mezani kila siku, sentensi ya kazi ya kwanza ninayo, na bado nachora nafuta, nachora nafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Nikaanza kusema mi sio mchoraji, nimejidanganya muda wote huu.

Alafu siku moja nikajiuliza swali la kijinga kabisa: hivi hii kamba ninayoichora inatoka wapi inaenda wapi? Sikujua. Nimekulia Tanga, majahazi nimeyaona tangu mtoto, ila kuona na kujua ni vitu viwili. Sikujua tanga linashikwa na nini, sikujua upepo ukitoka nyuma linakaa upande gani, mkono ulikuwa unakataa kwa sababu hauna cha kuchora.

Jumamosi nikaenda pale Deep Sea wanapotua wavuvi, nikamkuta mzee mmoja anashona tanga, nikamsalimia shikamoo nikakaa, nikamwonesha ukurasa wangu. Akauangalia kimya muda mrefu, alafu akasema, "Marahaba mjukuu wangu, umechora vizuri, ila hili tanga umelifunga hewani." Akanifundisha. Ule mti mrefu ulioshika tanga juu ni foromali, foromali inapandishwa mlingotini kwa kamba inaitwa henza, na kona ya chini ya nyuma ya tanga inashikwa na demani, ndo kamba unayoivuta au kuilegeza kufuata upepo. Nusu saa tu. Nikapiga picha kama 40 kwa simu, mikono yake, mafundo, jinsi foromali inavyolala, na jioni nikakaa nikachora ukurasa wa 17 mara moja, na wa 18 juu yake. Mpaka leo ndo ukurasa ninaoupenda kuliko wote kwenye kitabu.

Kwa hiyo ukikwama kwenye ukurasa mmoja jiulize kuna kitu gani humu ndani sikijui. Inaweza kuwa namna mtu anavyoshika usukani wa bajaji, jiko la mkaa likiwashwa moshi unaenda wapi, mahakamani nani anakaa wapi. Na wa riwaya hivohivo, sura imekataa kuandikika mara nyingi ni kwamba hujui huyo mtu anataka nini pale ndani au hujui kazi yake inafanyikaje. Toka nje ukaulize. Watu wanapenda sana kuulizwa kuhusu kazi zao, mi sijawahi kukutana na fundi aliyenifukuza.

Na kama kila kitu unakijua na bado hapaendi, basi angalia ukurasa wa nyuma yake, mara nyingi hadithi ilipinda huko na we unalipa huku. Ilinitokea ukurasa wa 29, kosa lilikuwa la 27, nimemfanya babu akubali kitu ambacho asingekubali kamwe.

Dalili: unarudia ukurasa wa kwanza kila mwezi

Chanzo chake ni kizuri kwa kweli, mkono wako umekua. Ukichora kurasa 20 mfululizo ile ya 20 lazima iwe bora kuliko ya 1, ukifungua mwanzo unaona aibu, unasema ngoja nirekebishe hizi mbili tatu, unarekebisha, sasa hizo mpya zinaifanya ya 6 ionekane mbaya, unaendelea, na mkono nao unazidi kukua, kwa hiyo huu mchezo hauna mwisho. Mi niliuchora ukurasa wa kwanza mara nne, na katika hiyo miezi kitabu hakikusogea hata ukurasa mmoja mbele.

Sheria niliyojiwekea: hakuna kurudia kuchora mpaka ukurasa wa 48 uwe na wino. Ila huwezi kujikataza tu hivihivi, lazima ile aibu uipe pa kwenda. Nikanunua daftari dogo la kurasa 48, nikaandika juu "Marekebisho", kila nikiona kosa naandika ukurasa, fremu, na kosa lenyewe. "Uk 3, fr 2, mkono wa kushoto mrefu." Nikishaandika roho inatulia maana najua halijasahaulika. Na kitu nilichokuja kukiona mwisho ni kwamba karibu nusu ya makosa niliyoandika nilipoyarudia miezi baadae sikuyaona tena au hayakuwa na maana.

Dalili: hadithi inarefuka kila wiki

Ulianza na hadithi fupi sa hivi ina shangazi, ina mzimu, ina kesi ya shamba. Chanzo hujaweka ukuta. Uzuri kwetu wa katuni ukuta upo tayari kwenye karatasi yenyewe: kitabu cha kukunja na kupiga pini katikati, kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa nne. Skripti yangu ilikuwa na kurasa 53, haiwezekani, ni 52 au 56 au ushuke. Nikashuka mpaka 48, yani karatasi 12, na kushuka huko kulinilazimisha kutoa harusi nzima ambayo nilikuwa naipenda lakini haikuwa inasukuma chochote. Imekaa kwenye faili lake, itakuja kuwa hadithi nyingine. Chagua namba na uibandike ukutani.

Wazo jipya kabisa la kitabu kingine likija, na litakuja, tena litakuja siku umechoka na hiki, liandike kwenye karatasi moja tu, mbele na nyuma, uweke kwenye droo. Wazo jipya linaonekana tamu kwa sababu bado halijakutana na ukurasa wa 17.

Dalili: "muda sina"

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sababu inayotajwa kuliko zote na inatajwa vibaya.

Wakati naanza nilisema miezi mitatu. Nilipokwama ile mara ya kwanza nikaanza kuandika masaa, kila nikikaa naandika nimeanza saa ngapi nimemaliza saa ngapi na nimefanya nini. Baada ya kurasa chache nikapata kwamba ukurasa mmoja mpaka unaisha kabisa unanila masaa 6. Zidisha mara 48, masaa 288. Sasa masaa yangu ya kweli kwa wiki: siku tano, kila siku lisaa limoja na nusu alfajiri, hiyo 7.5, na Jumamosi masaa 4, jumla 11.5. Gawanya. Wiki 25. Hiyo hamna kuumwa, hamna msiba, hamna umeme kukatika, hamna siku ya kukosea. Miezi mitatu niliyoisema haikuwezekana tangu siku ya kwanza, na mi nilikuwa nimejilaumu muda wote huo kwa kuchelewa kufika mahali ambapo hapafikiki.

Na sio mimi peke yangu, hili lina jina lake kabisa kwa wanasaikolojia, kwa Kiingereza wanaliita "planning fallacy", Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika mwaka 1979, kwamba mtu akipanga kazi yake mwenyewe anakadiria muda mfupi hata kama mara zote zilizopita alichelewa. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross wakawauliza wanafunzi wa chuo watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Wastani wakasema kama 34. Wakaambiwa tajeni na siku za hali mbaya kabisa, kila kitu kikienda kombo, wakasema kama 49. Ikaja kuwa karibu 56. Yani hata ile hali mbaya waliyoifikiria ilikuwa nzuri kuliko ukweli! Nilivyoisoma hiyo nilipumua.

Kwa hiyo kama dalili yako ni muda, usijipangie kwanza, pima. Wiki mbili za kuandika masaa zinatosha. Piga hesabu kama yangu, alafu ongeza nusu yake juu. Mi nikapata wiki kama 38 na kwa sababu ya zile mara nne za kulala kitabu kikaja kuchukua mwaka mmoja na miezi miwili. Ukijua namba ya kweli huwezi kujiita mvivu kwa kutofikia namba ya uongo.

Sasa hayo masaa unayatoa wapi. Mi ni mtu wa Tanga kwa hiyo lazima nimtaje Shaaban Robert, amezaliwa huku kwetu mwaka 1909, na watu wanasahau kwamba alikuwa mwajiriwa maisha yake karibu yote. Kuanzia 1926 mpaka 1944 alikuwa forodhani, akaenda idara ya wanyama, akarudi ofisi ya wilaya hapa Tanga mpaka 1952, alafu idara ya upimaji mpaka 1960. Karani wa serikali ya mkoloni, na vitabu vyote vile vikatoka. Nikichoka stesheneri namkumbuka yeye, sio kwa kujilinganisha, ni kwa kujua tu kwamba kazi ya mchana haijawahi kuwa sababu ya kutosha.

Kilichonisaidia ni kuifunga saa ya kuchora kwenye kitu ambacho tayari nakifanya kila siku. Kuna mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mpango wa "kikitokea hiki nafanya kile" unashika kuliko nia tupu ya "nitajitahidi". Wangu ni: nikishaswali alfajiri na chai ikawa mezani, nafungua kopo la wino. Simu inabaki chumbani. Sijipi nafasi ya kujiuliza leo najisikiaje.

Na umeme je. Umeme ukikatika au luku ikiisha usiseme leo basi, gawa kazi zako mapema: penseli, fremu, raba na wino ni za mwanga wa dirishani, kuskani na kusafisha ndo za umeme. Siku umeme upo usiumalizie kwa kuchora penseli.

Dalili: hujui umefika wapi, na kila ukitafuta faili unapata jingine

Hii sikuitegemea kabisa kwamba inaweza kuua moyo lakini inaua. Nilikuwa na mafaili yanaitwa "scan1", "scan1 mpya", "ya mwisho", "ya mwisho kabisa". Kila siku dakika 20 zinaondoka kutafuta, na zile dakika 20 ndo zile za mwanzo ambapo una nguvu.

Alafu yakanikuta makubwa. Nilikuwa naskani kazini baada ya kufunga, naweka kwenye flashi, naenda nayo nyumbani. Siku moja nikachomeka nikakuta mafaili yote yamegeuka shotikati, virusi vya kwenye kompyuta zinazoingiza flashi za kila mtu, na zile kurasa 9 nilizoskani na kusafisha hazikufunguka tena. Karatasi zenyewe zilikuwepo ila kusafisha upya kurasa 9 ni wiki mbili, na hizo wiki mbili zikageuka miezi miwili maana sikuwa na moyo. Hiyo ndo mara ya nne kitabu kulala na ndo iliuma kuliko zote.

Fanyeni hivi tafadhali, leo, kabla ya kesho. Jina la faili liwe na namba ya ukurasa yenye tarakimu tatu na hatua yake, kama "babu_uk017_wino", ukiweka 017 badala ya 17 kompyuta itazipanga kwa mpangilio yenyewe. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski inayokaa sehemu nyingine, moja mtandaoni kama Google Drive, na kama bando ni shida pandisha mara moja kwa wiki usiku. Skani michoro ya wino kwa 600 dpi (nukta kwa kila inchi) na uhifadhi kama TIFF au PNG, aina za faili za picha zisizopunguza ubora, JPEG inaacha uchafu pembeni ya mistari. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na ubora unashuka. Karatasi zenyewe weka kwenye faili la plastiki, juu, mbali na sakafu, mvua za masika zinajulikana.

Kuhusu kujua umefika wapi, nilinunua manila moja nikachora visanduku 48, kila kisanduku nikakigawa vipande saba kwa zile kazi saba, kila nikimaliza hatua naweka rangi. Inaonekana kitu cha chekechea lakini ilibadilisha kila kitu. Katuni inakwenda kwa hatua, unaweza kuwa na kurasa 35 za penseli na bado ukihesabu "kurasa zilizoisha" unapata 12, unaona miezi sita nimefanya kurasa 12 tu, unakata tamaa wakati kazi imesogea sana. Manila ile inakuonesha ukweli kila asubuhi. Mama yangu hajui kuchora ila alikuwa akipita anauliza "leo umejaza ngapi mwanangu", na swali lake hilo lilinisukuma kuliko laiki zozote.

Dalili: ukiposti unajisikia vizuri, ila baada ya hapo huchori

Nilikuwa naweka kila skechi kwenye stetasi. Watu wanasifu, "noma sana", "kinatoka lini", na mi najisikia kama kitabu kimeshatoka. Chanzo ni kwamba furaha ya mwisho umeshaila katikati. Nikabadilisha, nikawa naonesha watu wawili tu, rafiki mmoja mchoraji na mama yangu, na naonesha ukurasa uliokwisha wino, sio skechi. Kama unahitaji kuposti ili upate wateja sawa, posti kilichoisha, na usitangaze tarehe kabla hujapiga ile hesabu ya masaa.

Dalili: maneno ya watu yameingia kichwani

"Mtu mzima anachora katuni." "Hizo si za watoto?" Mjomba wangu alinambia hivo mezani kwenye Idi, mbele ya wote, na heshima yake siwezi kumjibu, nikanyamaza, lakini nilikaa siku 10 bila kugusa kalamu. Kama umeacha ghafla na hujui kwanini, rudisha siku nyuma ukumbuke nani alisema nini.

Mi kilichonisimamisha ni kuwakumbuka waliotangulia. Godfrey Mwampembwa, tunayemjua kama Gado, ni mtoto wa Dar, alikuwa anasomea usanifu wa majengo, mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchora kwenye gazeti la Nation na wakubwa wa Afrika Mashariki wakawa wanafungua ukurasa wake kwa wasiwasi. Masoud Kipanya na kale kapanya kake anasema mambo ambayo tahariri haisemi. Edward Gitau wa Kenya alichora kwenye Taifa Leo miaka na miaka. Hii ni kazi, na ina wazee wake. Mjomba sikumjibu kwa mdomo, nilimpelekea kurasa za jahazi akazisoma zote kimya, akaniuliza huyo mzee wa Deep Sea bado yupo.

Dalili: mkono, macho, mgongo

Kwa kifupi maana hapa ushauri wa kweli ni wa daktari. Ikiwa kifundo cha mkono kinauma au vidole vinakufa ganzi, pumzika, na isipoisha nenda hospitali, usivumilie kishujaa. Mi niligundua meza yangu ilikuwa fupi, nikainua ubao wa kuchorea kwa matofali mawili ukalala mshazari, na taa nikaihamishia kushoto kwa sababu nachorea kulia, kivuli cha mkono kikaondoka kwenye karatasi.

Dalili: kimeisha lakini hukiachii

Kurasa zote 48 zina wino, manila imejaa rangi, na we bado "kuna vitu viwili tatu narekebisha". Miezi inapita. Chanzo hapa kwangu kilikuwa woga, niseme tu, maana kikiwa mezani bado kinaweza kuwa kizuri kuliko kilivyo.

Toa kopi moja ya majaribio. Karatasi 12 za A4, mbele na nyuma, zikunje zipate ukubwa wa A5, piga pini mbili kwenye mkunjo kwa ile stepla yenye mkono mrefu, na kama huna nenda stesheneri yoyote kubwa wanayo. Panga kurasa kwa makini maana karatasi ya nje ndo inabeba ukurasa wa 1, 2, 47 na 48, mi mara ya kwanza nilikosea ikatoka babu anakufa kabla hajazaliwa mjukuu. Alafu mpe mtu asome mbele yako, na usimwambie kitu. Nilimpa mpwa wangu wa miaka 13. Nilikaa naangalia vidole vyake tu. Anafungua, anafungua, anacheka, anafungua, alafu ukurasa wa 31 akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Viputo viwili nilikuwa nimevipanga vibaya, jibu linasomwa kabla ya swali. Mi nimeuangalia ukurasa ule mara mia sikuwahi kuona.

Nikachukua lile daftari la marekebisho, lilikuwa na mambo 63. Yale yanayomfanya msomaji arudi nyuma nikayawekea alama nyekundu, yalikuwa 9. Mikono mirefu, masikio yasiyolingana, mawingu nisiyoyapenda, yote nikayaacha. Yale 9 niliyamaliza kwa Jumamosi mbili, na Jumatatu nikapeleka flashi kwa mchapaji, nakala nyingine mbili zikiwa nyumbani na mtandaoni.